Mtawala na Hesabu Yake: Funzo la Miji ya Wagiriki wa Kale

Watu wakizungumza juu ya serikali, mara nyingi hubishana juu ya jina lake. Huyu asema ufalme ndio bora, yule ataka wachache wenye elimu, na wa tatu hakubali ila demokrasia. Mabishano hayo si mapya. Wagiriki wa kale walikuwa nayo zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, wala hawakuishia katika maneno. Waliyajaribu hayo yote katika miji yao. Twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu waliyoyapata, kwa maana Mkristo naye ni raia.

Ugiriki ya zamani zile haikuwa nchi moja chini ya serikali moja. Ilikuwa na miji mamia, kila mji na mashamba yake, sheria zake na jeshi lake. Mwanafalsafa Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliipima miji hiyo kwa maswali mawili. La kwanza: wanaotawala ni wangapi? La pili, nalo ndilo zito: wanatawala kwa faida ya nani? Mmoja akitawala kwa faida ya wote, huo ni ufalme. Akijitafutia yake, ni udhalimu. Wachache wakitafuta mema ya wote, ni utawala wa watu bora. Wakijitafutia mali, ni utawala wa matajiri. Wengi nao waweza kuutumikia mji mzima, au kulitumikia kundi lao tu. Na huu wa mwisho ndio alioupa jina la demokrasia! Jina tunalolisifu leo, yeye aliliweka upande wa serikali zilizopotoka. Basi, jina jema halimfanyi mtawala kuwa mwema.

Tuitazame Sparta. Huko walikuwako wafalme wawili pamoja, ili mmoja amzuie mwenziwe. Pamoja nao lilikuwako baraza la wazee 28, kila mmoja wao amepita umri wa miaka 60. Juu ya hayo raia walichagua kila mwaka wasimamizi watano, walioitwa maefori, wenye uwezo wa kumshtaki hata mfalme. Kila mwezi mfalme aliapa kutawala kwa kufuata sheria, nao maefori wakaapa kwa niaba ya mji kuulinda ufalme wake maadamu anashika kiapo. Ulikuwa mpango wa busara. Lakini ulisimama juu ya migongo ya wahelota, watu waliolazimishwa kuwalimia Wasparta, wasio na haki yoyote mbele yao.

Athene ilishika njia nyingine. Mwaka 594 kabla ya Kristo Solon alikataza mtu kufanywa mtumwa kwa sababu ya deni. Mwaka 508 Cleisthenes aliwapanga raia upya katika makabila kumi, na kila kabila likatoa watu 50 kwa baraza la watu 500. Raia wote walikutana mlimani Pnyx kuamua habari za vita, amani na sheria. Wakuu wengi walipatikana kwa kura, nasi tuelewe neno hilo kwa maana yake ya asili, yaani bahati nasibu, kama mitume walivyopiga kura akapatikana Matiya. Hata hivyo wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na sauti.

Jambo tunalotaka wasomaji walishike ni hili. Mkuu wa Athene alipomaliza mwaka wake, alitoa hesabu mbele ya wakaguzi kumi, na raia yeyote aliruhusiwa kumshtaki. Kabla hesabu haijakubaliwa, hakuwa na ruhusa ya kusafiri nje ya nchi wala kuandika wosia. Mali yake ilikuwa kama rehani mkononi mwa watu.

Je, wananchi wenyewe walitoa hesabu kwa nani? Hapo ndipo Athene ilipojikwaa. Mwaka 406 kabla ya Kristo majemadari wake walishinda vita vya baharini karibu na visiwa vya Arginusae, lakini dhoruba ikazuia kuwaokoa mabaharia waliozama. Watu walikasirika. Wakataka kuwahukumu majemadari wote kwa kura moja, kinyume cha desturi ya kumsikiliza kila mtu peke yake. Socrates, aliyekuwa siku ile miongoni mwa wasimamizi wa mkutano, alikataa kushiriki katika jambo lililovunja sheria. Hawakumjali. Majemadari sita waliuawa, na baadaye watu wakajuta. Wingi wa mikono iliyoinuliwa haukugeuza dhuluma kuwa haki.

Kanisa halikuyasahau mafunzo hayo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyemsoma sana Aristotle, alifundisha kwamba serikali iliyopangwa vema huunganisha mkuu mmoja, wasaidizi wenye fadhila, na watu wote wenye sehemu ya kuwachagua. Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, hakuamuru mataifa yote yafuate namna moja ya serikali. Lakini alikumbusha kwamba mamlaka yatoka kwa Mungu, na kwamba amri iliyo kinyume cha maadili haiwezi kuifunga dhamiri.

Basi, ndugu wasomaji, yatupasa mambo mawili. Kwanza, tumdai hesabu kila tunayemkabidhi kazi, awe mbunge, mwenyekiti wa kijiji, mtunza fedha wa chama cha ushirika au mzee wa kanisa. Kumdai si kumtukana. Wakili mwaminifu huleta daftari lake kwa furaha. Pili, tukumbuke kwamba mpiga kura naye ni wakili. Anayeuza kura yake kwa kilo ya sukari, au anayemchagua mwovu kwa kuwa ni wa kwao, ameitumia vibaya mali ya wote. Wakili wa Injili ya Luka aliitwa na bwana wake kutoa hesabu. Sisi nasi tutaitwa, watawala na watawaliwa pamoja.