MOTO UKIZIMWA, KAZI NYINGINE YAANZA



Wewe uliyepewa shamba kandokando ya msitu wajua kuwa Januari hadi Machi ni miezi ya hatari. Mwezi Machi 2012 moto uliunguza sehemu kubwa ya Mlima Kenya. Februari 2022 uliwaka katika milima ya Aberdare. Leo tutajifunza jinsi msaada unavyotoka Nairobi hata kumfikia aliyeunguliwa.

1. Orodha. Pigia Msalaba Mwekundu simu 1199, bila malipo, kisha mwone Chifu. Andika familia ngapi, watu wangapi, na nini kimeungua. Nilipokuwa karani mpya niliandika tu, "Watu wengi wameunguliwa." Zikaja nguo za kutosha vijiji viwili, wala halikuja jembe hata moja. Kosa lilikuwa la kalamu yangu.

2. Uzito. Mtu mmoja ahitaji lita 15 za maji kwa siku, ndicho kipimo cha mashirika ya misaada. Familia 40 za watu watano ni watu 200. Maji yao ni lita 3,000, yaani tani 3 kila siku. Lori la tani 7 lingejazwa na maji ya siku mbili tu! Kwa hiyo, kama kuna chemchemi karibu, yafaa kuomba mitungi na dawa ya kusafishia maji, ili lori libebe unga, maharagwe na blanketi.

3. Njia. Lori hutoka mjini, hupita Westlands, Kangemi na Uthiru, hupanda Limuru. Liendalo Njabini huacha barabara kuu pale Flyover. Eleza mapema kama daraja lenu ni bovu.

4. Mbegu. Hapa ndipo wengi hukosea. Mbegu, mbolea na majembe viagizwe siku ile ile ya kuagiza chakula, maana mvua za masika haziwangoji watu. Mbegu ikichelewa, njaa hudumu msimu mwingine. Tena, mbegu iliyotiwa dawa hailiwi kamwe.

5. Stakabadhi. Vitu vihesabiwe mbele ya watu, na kila mmoja atie sahihi au kidole gumba.

Maswali:
(a) Familia 60 za watu watano zahitaji lita ngapi kwa siku?
(b) Ni nani atakayeandika orodha kijijini kwenu? Mchagueni sasa, kabla ya moshi kuonekana.