Nani Mrithi wa Orkoiyot? Maswali na Majibu

Barua zimekuwa nyingi tangu tuandike habari za nasaba za watawala waliopinduliwa. Zilizouliza Talai, ukoo wa watabiri walikotoka akina Orkoiyot, ni nani nimeziacha, kwa sababu kila mtoto aliyekulia baina ya Londiani na Longisa anawajua. Nimechagua zile zilizonikosesha usingizi.

Mwalimu, madhali Orkoiyot alikuwa mfalme wa Wakipsigis, leo mrithi halali wa kiti chake ni nani? (Litein, Sotik, Kapkatet na kwingineko)

Ninyi nyote nawajibu kwa pamoja, maana barua zenu zasimama juu ya msingi mmoja, nao msingi huo ni mbovu. Wakipsigis hawakuwa na mfalme. Mashauri ya ardhi, ya ng'ombe na ya ndoa yaliamuliwa katika kokwet, baraza la wazee wa ujirani, na yakishinda hapo yalipelekwa kwa wazee waliosifika kwa hekima ya hukumu. Na vita vilikuwa mikononi mwa vikosi vya vijana na viongozi wao. Orkoiyot aliombwa baraka kabla ya vijana kutoka kwenda kuteka mifugo, akatabiri, akapewa fungu lake katika ng'ombe waliotekwa, na akaogopwa kadiri alivyoheshimiwa. Lakini hakuwa na kadhi aliyehukumu kwa jina lake, wala hazina ya kodi, wala askari wa kumlazimisha mtu atii. Aliyekuwa na nguvu juu ya nyoyo za watu si lazima awe na milki juu yao.

Tazameni nasaba yenyewe. Kimnyole arap Turukat, Orkoiyot wa Wanandi, aliuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1890, baada ya maafa mengi ambayo lawama yake ilimwangukia yeye. Wanawe wawili, Koitalel arap Samoei na Kipchomber arap Koilegen, wakashindania nafasi yake, na wafuasi wakagawanyika. Ilipofika 1895 Koitalel alikuwa ameshinda, na Kipchomber akakimbilia huku kwetu, Wakipsigis wakampokea, akawa Orkoiyot wao wa kwanza. Mwaka 1914 Waingereza wakamkamata yeye na nduguze wawili wakawahamishia nchi ya Wakikuyu. Basi hicho mnachokiita kiti cha enzi cha tangu na tangu, hata miaka ishirini hakikutimiza.

Dhana ya ufalme imetoka wapi? Kwa sehemu kubwa imetoka katika ofisi za serikali ya kikoloni, ambayo haikujua kusema na baraza la wazee mia, ikataka mtu mmoja wa kupatana naye, na mtu huyo huyo wa kumwadhibu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wanandi: tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa wa suluhu, Richard Meinertzhagen alimwua Koitalel kwa risasi. Kisha Waingereza wakamtawaza mahali pake Kipeles, waliyemwona kuwa rafiki yao. Anayetafuta leo mfalme wa Wakipsigis, pasipo kujua, anatafuta kiumbe wa mafaili ya ofisi hizo.

Nasikia Ufaransa ina wadai watatu wa kiti kimoja. Sisi tuna tofauti gani nao? (Mwanafunzi, Bomet)

Tofauti ni kubwa. Wafaransa walikuwa na kiti hasa, na walikuwa na kanuni ya urithi iliyojulikana, na ugomvi wao ni juu ya tafsiri ya kanuni hiyo. Wafuasi wa Bourbon humfuata Louis Alphonse, kwa hoja kwamba yeye ndiye mkubwa kwa nasaba. Wafuasi wa Orléans hujibu kuwa babu yake, mfalme wa Hispania, aliikana haki ya Ufaransa wakati wa mapatano ya Utrecht, mwaka 1713, nao humtaka Jean, Count wa Paris. Na wa Bonaparte wana mtu wao, Jean-Christophe. Mfalme wa mwisho aliondoka mwaka 1848, na kaisari wa mwisho mwaka 1870, na hata leo wako watu wenye elimu na heshima wanaokutana kuwaombea marehemu hao na kuwatumainia warithi wao. Siwadharau, kwa kuwa mtu aliyechoshwa na fitina za wanasiasa aghalabu hutamani kiongozi asiyeomba kura.

Huku kwetu kanuni ya namna hiyo haikuwapo. Kuzaliwa katika Talai kulikuwa sharti, lakini kuzaliwa wa kwanza hakukumtosha mtu; alitambuliwa kwa karama yake na kwa kukubaliwa na watu. Basi anayeleta shajara ya nasaba pekee kuthibitisha kwamba yeye ni Orkoiyot, ameleta ushahidi wa Ulaya katika baraza la Wakipsigis.

Je, Zanzibar na Buganda?

Hivyo vilikuwa viti vya enzi kweli. Sultani Jamshid bin Abdullah alipinduliwa tarehe 12 Januari 1964, akaishi Uingereza miaka mingi, akafariki Oman Disemba 2024. Cha Buganda kilirudishwa mwaka 1993.

Mgombea asiyebarikiwa na Talai hushindwa uchaguzi? (Kericho mjini)

Hapana. Na yeyote akuuziaye baraka kwa fedha ni laghai.

Mwalimu, Talai wanaidai serikali ya Uingereza warudishiwe utawala? (Barua tatu, zote zenye hasira)

Hasira yenu imeelekezwa pasipo pake. Wanaodai hawakuomba taji. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Kuwahamisha Walaiboni, jina ililowapa Talai, na kwa sheria hiyo takriban watu 700, wazee kwa watoto, wakatolewa katika nchi hii ya ukungu wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali pa joto, malaria na mbung'o, wakakaa huko mpaka karibu na uhuru. Hukumu ilishuka juu ya ukoo mzima, hata mtoto mchanga akawa mhalifu kwa kuzaliwa. Na hata kabla ya sheria hiyo, Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa Oktoba 1923 akafunguliwa mwaka 1964, na sijui mfungwa wa kisiasa katika nchi yetu aliyefungwa muda mrefu kuliko yeye.

Waliorudi kutoka Gwassi hawakuikuta ardhi yao. Tangu 1919 ekari 25,000 walikuwa wamepewa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Kitani kikawashinda, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai zikaingia. Familia nyingi za Talai zikabaki kubanana pembezoni mwa mji wa Kericho, zikitazama mashamba zisiyoweza kuyakanyaga. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikiri kwamba walidhulumiwa. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza. Na mwaka 2022 shauri likapelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Wanachodai, pamoja na Wakipsigis wengine waliofukuzwa, ni ardhi, fidia na kuombwa radhi. Nakasirika ninapoona madai hayo yakifunikwa kwa porojo za kutawazana na kofia za manyoya, kwani anayenufaika ni yule asiyetaka kulipa.

Babu yangu alisema alizaliwa Gwassi. Nitahakikishaje? (Longisa)

Swali lako ndilo nililolisubiri. Nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, ukaombe mafaili ya wilaya ya Kericho na ya Nyanza Kusini ya miaka ya 1930 na kuendelea. Kabla ya safari andika jina la baba wa babu yako kwa maandishi yote unayoweza kuyafikiri, kwa kuwa makarani wa zamani waliandika majina yetu kama walivyoyasikia. Na babu akiwa hai, usianze na Nairobi. Anza naye, umwulize majina ya waliosafiri pamoja na wazazi wake na ya waliozikwa huko, uyaandike siku hiyo hiyo.