Dondoo muhimu: Kadi ya kuondokea iliyosalia pasipotini

Msafiri aliyezuru Marekani kwa viza ya matembezi, kisha akarejea Mombasa au Muscat na kuikuta ile kadi ya I-94, iliyopaswa kurudishwa wakati wa kuondoka, ingali imebanwa kwa pini ndani ya pasipoti, asiitupe wala asiidharau. Kwani kuondoka kusikosajiliwa huweza kuhesabiwa kana kwamba mtu alikaa kupita muhula wake, na kumnyima viza siku za usoni.

Tangu mwaka 2013 wafikao kwa ndege au meli aghalabu huandikwa katika kompyuta bila kadi, na aliyetoka kwa ndege ya abiria hana haja ya kuhofu sana, maana shirika la ndege hupeleka orodha ya abiria wake serikalini. Mwenye taabu hasa ni yule aliyevuka kwa gari kuingia Meksiko, ambako kwa kawaida hapana afisa wa Kimarekani wa kumgongea muhuri wa kutoka.

Huyo na akusanye ushahidi wenye tarehe: kipande cha pasi ya kupandia ndege, nakala za kurasa zote za pasipoti zilizogongwa mihuri, hati ya mshahara, taarifa ya benki. Aipelekee idara ya forodha na ulinzi wa mipaka ya Marekani kadi yenyewe pamoja na barua fupi ya Kiingereza, isiyo na malalamiko, ajiwekee nakala za vyote, na safari ijayo azichukue katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku lililokwisha kupimwa na kupakiwa.