Mkorosho haukungoji ukamilishe maandalizi

Mikorosho ya Masasi na Newala huanza kuchanua kuanzia Juni, na ugonjwa wa ubwiri unga haukawii kufuata. Wanaopata hasara hapo si wavivu tu. Wapo wachapakazi wanaotaka kila kitu kiwe kamili kwanza: huyu hapulizi dawa mpaka amalize palizi ya shamba zima, yule ana mifuko mitatu ya salfa na anangoja itimie kumi. Inauma kuwaona, maana nia yao ni njema. Lakini ua changa likishatandwa na ule unga mweupe, hukauka, hugeuka kahawia na kudondoka, na salfa ya mwezi ujao hailirudishi.

Kwa hiyo piga hesabu ya ulichonacho. Kiwango cha kawaida cha salfa ya unga ni gramu 250 kwa mti, kila baada ya siku 14, mizunguko mitano. Mfuko wa kilo 25 basi unatosha miti 20 kwa msimu mzima. Mwenye mifuko mitatu achague miti 60 inayozaa vizuri, aihudumie mpaka mwisho. Asiitawanye salfa kidogo kidogo kwenye miti 200. Kagua maua mara kwa mara, na dalili za kwanza zikionekana, puliza alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia. Funika pua, mdomo na macho. Palizi ya pembezoni itafuata. Cha lazima ni chini ya miti pawe safi kabla korosho hazijaanza kudondoka.

Miti mikongwe nayo haihitaji kung'olewa yote kwa mkupuo. Badilisha michache kila mwaka kwa miche bora, na ushauri upo kwa bwana shamba na kituo cha utafiti cha TARI Naliendele.

Ukali wako wa kutaka kila kitu kiwe kamili uhamishie kwenye kuanika na kuchambua korosho. Hapo usilegeze hata kidogo, kwa sababu korosho mbichi huoza ghalani na zenye kasoro hushusha daraja. Hata hivyo, usingoje mavuno yote yakusanyike nyumbani. Wengi wanaongoja hivyo hukutwa na shida ya ada au ugonjwa, wakaishia kuuza kwa walanguzi wa kangomba kwa bei ya kutupa. Magunia mawili yakikauka sawasawa, yapeleke kwenye chama chako cha ushirika (AMCOS), shuhudia yakipimwa, chukua stakabadhi yako, na korosho zilizobaki ziendelee kuanikwa.