Je, Wachumba Waonane Kabla ya Misa ya Arusi?

Agosti na Desemba ni miezi ya arusi huku kwetu, tangu Othaya na Karatina hadi Nanyuki, na kila msimu ubishi ule ule hurudi. Hema zimelipiwa, kwaya imefanya mazoezi, matangazo ya ndoa yamekwisha kusomwa kanisani. Ndipo shangazi mmoja anapotamka: "Msionane tena mpaka kanisani, mkionana ni mkosi." Bwana arusi anacheka. Bibi arusi anaingiwa na hofu. Mpiga picha naye anataka wakutane saa mbili asubuhi, kila mtu akiwa katika nguo zake za arusi, ili apate picha nzuri mapema. Je, ninyi mnaojiandaa mtamsikiliza nani?

Tuanze na huo mkosi. Wengi hudhani ni mila ya Wagikuyu. La hasha. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichochapishwa mwaka 1938, aeleza jinsi wanawake wa upande wa kijana walivyomvizia msichana akiwa kazini, wakambeba juu juu kwa vurumai ya mchezo, naye akilia kama ilivyotakiwa. Hapo hapakuwa na gauni la kufichwa. Na katika ngurario ya siku hizi mambo ni kinyume kabisa: kijana husimamishwa mbele ya wanawake waliofunikwa leso tangu kichwani, aambiwe amtambue aliye wake, na akikosea hutozwa faini huku watu wakicheka. Mila yetu, basi, inamtaka afumbue macho.

Mkosi huu ulitufikia kutoka Uingereza, pamoja na gauni jeupe na keki. Na hata huko haukumtisha kila mtu. Malkia Victoria, ambaye arusi yake ya tarehe 10 Februari 1840 ndiyo iliyolipa gauni jeupe sifa kubwa, alionana na mchumba wake Albert asubuhi ya siku ile ile. Waliishi pamoja zaidi ya miaka 21, mpaka Albert alipofariki mwaka 1861, wakajaliwa watoto 9.

Kanisa nalo lasemaje? Katika utaratibu wake wa kuadhimisha Ndoa hakuna neno la kuwakataza wachumba kuonana. Padre huwapokea wote wawili, mlangoni au mahali walipoandaliwa, kisha Misa ikaanza. Desturi ya bibi arusi kuingia peke yake na baba yake, huku bwana arusi akingoja mbele kwa wasiwasi, ni nzuri kwa macho, lakini si amri. Kwa ndugu zetu Waislamu wa Pwani, nikaha yaweza kufungwa msikitini kati ya bwana arusi na walii, bibi arusi akiwa nyumbani na wanawake. Baadaye ndipo mume huenda kumpa mkono. Kwao kutoonana kuna mahali pake katika ibada yenyewe. Kwetu wawili hao ndio wanaofungishana Ndoa, kila mmoja kwa kinywa chake, mbele ya padre na mashahidi.

Na hapa ndipo penye uzito. Tazameni juma la mwisho lilivyo. Msichana yuko kwa mama yake Mukurwe-ini, amezungukwa na shangazi na wasichana watakaomsindikiza. Kijana yuko Nanyuki na wasimamizi wake. Jumatano msichana anasikia kwamba mchumba wake ana mtoto mahali fulani, au kwamba amechukua mkopo mkubwa wa chama cha akiba ili alipie sherehe. Anataka kumwuliza. Anaambiwa: "Usimpigie, utamwona Jumamosi." Jumamosi anafika altareni akiwa na swali hilo rohoni, mbele yake watu 500, na padre anauliza kama wamekuja kwa hiari yao, bila kulazimishwa. Atajibu nini?

Kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yasema kwamba ridhaa ya wawili ndiyo inayofanya Ndoa, wala hakuna uwezo wa kibinadamu uwezao kuijaza pengo lake. Hofu kubwa yaweza kuibatilisha, na hata udanganyifu juu ya jambo zito. Kwa hiyo swali la gauni ni dogo. Lililo kubwa ni kwamba wachumba wasizuiwe kusema kweli mpaka saa ya mwisho.

Ushauri wetu ni huu. Alhamisi au Ijumaa, mnapokuja kanisani kwa mazoezi, ombeni Kitubio, kama Kanisa linavyowahimiza wachumba. Halafu kaeni wawili, nusu saa, hata kwenye benchi la nje, wasimamizi wakae mbali. Ulizaneni: Je, kuna jambo ambalo nitalisikia kwa watu baada ya arusi? Je, unakuja kwa hiari, au kwa sababu mbuzi wa ruracio wamekwisha kuliwa? Mmoja akisitasita, mwendeeni padre jioni ile ile. Kuahirisha kunauma, na aibu ya kuwaarifu wazee si ndogo. Lakini arusi iliyoahirishwa yaweza kufungwa mwezi ujao, na Ndoa halali iliyokamilika haivunjwi na mamlaka yoyote ya kibinadamu.

Kuhusu asubuhi ya Jumamosi, amueni wenyewe. Kama furaha yenu ni kuonana kwa mara ya kwanza kanisani, fanyeni hivyo, lakini msimtishe mtu kwa mkosi. Kama mwataka picha kabla, hesabuni saa vizuri. Wanawake wa upande wa kijana watafika kwao bibi arusi na kuimba getini mpaka wafunguliwe, na nyimbo hizo haziharakishwi. Misa ikiwa saa nne, mkiongeza picha juu ya nyimbo, padre mwenye Misa nyingine kigangoni atawangoja bure. Picha za baada ya Misa hazina ubaya, mvua ikiruhusu.

Naye shangazi aambiwe mapema, si Ijumaa usiku, tena aambiwe na bibi arusi mwenyewe. Mpeni kazi ya kumfunga shela asubuhi ile.