MDALASINI: KUUTUMIA NA KUUWEKA

Wasomaji wetu wengi hutia mdalasini katika chai na pilau, wala hawajui ya kuwa jina hilo moja lachukua magome ya miti iliyo mbalimbali. Twaona yafaa kulieleza jambo hili, maana lagusa afya na fedha pia.

Mdalasini wa kwanza asili yake ni Ceylon, nchi iitwayo Sri Lanka tangu mwaka 1972, nao hupandwa hata Unguja na Pemba. Kijiti chake ni magome membamba mengi yaliyoingiana kama karatasi zilizokunjwa pamoja, na huvunjika kwa vidole. Wa pili hutoka China, Indonesia na Vietnam. Huo ni gome moja nene, gumu, na ukali wake wazidi. Ndio uonekanao sana madukani, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Kwa pilau haudhuru, wala hatumkatazi mtu. Lakini una kitu kiitwacho kumarini, ambacho kikizidi kila siku chaweza kuharibu ini. Basi yeye anywaye maji ya mdalasini asubuhi na jioni kwa ajili ya kisukari, na autazame kwanza ni mdalasini gani, wala asiache dawa aliyopewa na daktari.

Ni heri kununua vijiti kuliko unga. Mwaka 2023 huko Marekani watoto walikutwa na madini ya risasi katika damu, kwa kula matofaa yaliyopondwa na kutiwa unga wa mdalasini wenye risasi. Unga hauonyeshi kilichomo. Kijiti hujionyesha chenyewe. Tena kijiti hukaa miaka miwili na zaidi, lakini unga hupungukiwa na harufu kwa miezi michache. Kwa hiyo twangeni kidogo kidogo kinuni, kwa kadiri ya haja, mkachekeche.

Uwekeni katika chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, mahali pa baridi na giza. Wengi huiweka juu ya meko, mahali pabaya kuliko pote, kwa joto na moshi. Wala msikung'ute chupa juu ya chungu kichemkacho: mvuke huingia, unga hugandamana na kuota kuvu. Wenye kuvu utupwe.

Katika pilau, kijiti kitiwe ndani ya mafuta ya moto pamoja na vitunguu, kabla ya mchele, kwa maana harufu yake hutoka vizuri katika mafuta. Katika maandazi tieni unga wake kwa kiasi. Ukizidi huizuia hamira, na donge halifuri.