Darsa la 17 Ramadhani: Kijana anayeswali kwenye kiti



Imran bin Huswayn (r.a.) alikuwa mgonjwa, akamuuliza Mtume (s.a.w.) aswali vipi. Akaelekezwa aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Hadithi imo katika Bukhari na wengi wetu tunaijua. Ila tukimwona kijana mdogo kwenye kiti wakati wa tarawehe, ulimi unawasha: "Huyu naye, uvivu tu!"

Ndugu yangu, upo ugonjwa wa kudhoofika misuli uitwao Duchenne, ambao huwapata zaidi watoto wa kiume. Mwili wao hautengenezi distrofini, protini inayokinga misuli isichanike inapofanya kazi. Mtoto huzaliwa anaonekana mzima. Kwenye miaka 2 hadi 5 anaanza kuanguka ovyo, anatembea kwa ncha za vidole, na vigimbi vinajaa mpaka watu wanamsifu ana nguvu. Kumbe ndiyo maradhi yenyewe. Akitaka kuinuka kutoka chini, anajisukuma kwa mikono juu ya mapaja yake. Sasa hesabu sijda za rakaa 20. Wengi hufika kwenye kiti cha magurudumu karibu na miaka 12, na baadaye moyo na pumzi navyo hudhoofu.

Hauambukizi, wala si kijicho cha jirani. Ni kasoro ya jeni ambayo mama huweza kuibeba bila kujua, na karibu theluthi moja ya watoto hawa kasoro imeanzia kwao wenyewe. Kwa hiyo mama wa watu aachwe, ana kazi ya kutosha kumnyoosha mwanawe vifundo vya miguu kila siku.

Tiba ya kuuondoa kabisa haijapatikana. Vidonge kama prednisolone hupunguza kasi yake, na hapo ndipo Ramadhani inaponitia hofu. Kijana amebaleghe, wenzake wanafunga, naye anaona haya. Anaacha vidonge kimyakimya. Jamani! Aliyevitumia muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala, maana kazi yao inafanywa na dawa. Akikata ghafla anaweza kutapika, kulegea, presha ikashuka, hata akafa. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo, na daktari peke yake. Hata kuihamishia daku, muulizeni yeye kwanza. Na akitapika asiweze kukaa na dawa tumboni, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, msingoje adhana ya magharibi, na mseme anatumia prednisolone.

Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Asiyebaleghe hadaiwi saumu. Aliyebaleghe na maradhi yake hayatarajiwi kupona, na kufunga kunamdhuru, hutoa fidia: kwa Mashafi'i, kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila siku. Wazazi, mwambieni hivyo mapema, kabla hajaanza kujificha.

Na kamati zetu, ambazo mazulia hazikosi pesa zake: tazameni ngazi za mlangoni. Kijana huyu anabebwa mgongoni kama mtoto mchanga mbele ya rafiki zake. Ubao wa mteremko ni kazi ya siku moja kwa seremala.

Wallahu a'lam. Kesho in shaa Allah: zakatul fitri, nani anamtolea nani.